Kumwogesha Labrador Nairobi Bila Harufu Kurudi: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia yana sura moja. Mtu amemwogesha Labrador wake Jumapili kwa shampuu ya bei, mbwa akang'aa. Kufika Jumatano nyumba inanuka gunia lililolowa. Ijumaa mbwa anajikuna sikio hadi analia. Mwenyewe anakata shauri kwamba shampuu ilikuwa feki, ananunua nyingine, anaogesha tena, na hali inazidi kuwa mbaya.

Mara nyingi shampuu haina kosa. Kosa ni maji yaliyobaki mwilini.

Labrador ana manyoya ya tabaka mbili. Ya juu ni mafupi, magumu, yana mafuta. Chini yake kuna sufi laini iliyoshonana. Mavazi hayo yaliwafaa mababu zake waliofanya kazi na wavuvi katika maji baridi ya Newfoundland, Kanada, kwa kuwa maji yalishindwa kuwafika ngozini. Uani kwako Lang'ata au Kayole, kinga hiyohiyo inakusumbua mara mbili: kwanza maji na sabuni hayafiki ngozini, halafu yakishafika hayatoki. Hatua zote zifuatazo zinapigana na mambo hayo mawili. Mwenye Golden Retriever afuate vilevile, ila aweke muda mrefu zaidi wa kukausha.

## Vitu vya kuandaa

Viweke vyote karibu kabla hujamshika mbwa. Ukimwacha akiwa na povu ili ukatafute taulo, utamkuta amejigaragaza kwenye udongo.

- Maji, mitungi 3 ya lita 20. Kwa mbwa wa kilo 30 hivi, mmoja ni wa kulowesha, miwili ya kusuuza. Kama mfereji umekauka na mtungi uliobaki ni mmoja tu, ahirisha. Shampuu iliyobaki kwenye ngozi huwasha kuliko uchafu wenyewe.
- Sufuria ya lita 4 ya kuchemshia maji. Lita 4 zilizochemka zikichanganywa na lita 16 za mfereji hutoa maji ya vuguvugu. Changanyia kwenye karai au ndoo pana, maji baridi yakitangulia.
- Jagi au kopo la kumwagia.
- Gunia kuukuu au zulia la mpira la kusimamia.
- Brashi ya mpira na chanuo la meno ya chuma.
- Shampuu ya mbwa. Usitumie sabuni ya unga, ya vyombo wala ya kipande. Ngozi ya mbwa haina asidi nyingi kama yetu, na sabuni hizo huvua mafuta yanayoilinda.
- Taulo 3 kubwa na kavu. Za mitumba kutoka Gikomba zinatosha kabisa. Chagua zile nzito zilizokwisha kupauka.
- Maji ya dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, kutoka kwa daktari wa mifugo au duka la dawa za mifugo, pamoja na pamba ya bunda. Vijiti vya masikio usivitumie.
- Karatasi ya tishu. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya 8.
- Kibano cha kung'olea kupe na kopo dogo lenye spiriti.
- Maini ya kuchemsha, vipande vidogo mno. Labrador atafanya chochote kwa ajili ya chakula. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza badiliko katika jeni iitwayo POMC, lililopatikana kwa takriban robo ya Labrador waliowapima, ambalo linahusiana na hamu kubwa ya kula na uzito mkubwa. Kwa hiyo hesabu maini hayo kama sehemu ya chakula cha siku.

## Hatua ya 1: Anza mapema

Anza saa 3 au saa 4 asubuhi, siku ambayo jua lina dalili ya kutoka. Sufi ya ndani huhitaji saa kadhaa kukauka, na kuanzia Juni hadi Agosti hapa Nairobi wingu linaweza kukaa mchana kutwa. Miezi hiyo, kama huna feni wala mashine ya kukaushia nywele, subiri.

Hili nililipia. Nina Labrador wa rangi ya manjano, jike, anaitwa Chapo. Jumamosi moja ya Julai tulitarajia wageni, nikamwogesha saa 11 jioni, nikamfuta kwa taulo moja, nikamfungia bandani kwenye sakafu ya simiti. Jumatatu chini ya sikio lake la kushoto palikuwa na kidonda kibichi, chekundu, kinachotoa majimaji, upana wa kiganja. Manyoya yalikuwa yamegandamana juu yake, ndiyo maana Jumapili sikukiona.

Daktari hakuuliza habari ya shampuu.

"Ulimwogesha lini?"

"Jumamosi, daktari."

"Saa ngapi?"

Nilipomjibu alinyamaza, akachukua mashine akaanza kunyoa.

## Hatua ya 2: Mchane akiwa mkavu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Manyoya yaliyokufa hukwama ndani ya sufi. Yakilowa hushikana yakawa kama kitambaa kinachozuia sabuni isiingie na maji yasitoke.

Pitisha brashi ya mpira mwili mzima, kisha chanuo sehemu zenye sufi nyingi: shingoni, nyuma ya mapaja, na mgongoni karibu na mkia. Dakika 15 hadi 20. Labrador hupukutisha manyoya mwaka mzima, na kuna majuma utajaza mfuko. Hilo ni la kawaida, mradi hapana mahali palipobaki upara.

Umefaulu ukiweza kupenyeza vidole hadi ngozini bila kukwama.

## Hatua ya 3: Mpekue

Mvue mkanda wa shingoni. Chini yake ndipo kupe wanapopenda kujificha, pamoja na ndani ya masikio, kwapani, na katikati ya vidole. Labrador ana utando kati ya vidole unaomsaidia kuogelea, na mikunjo yake ni maficho mazuri, kwa hiyo panua kila kidole uangalie.

Kupe akiwa ameng'ata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole moja kwa moja, mtumbukize kwenye spiriti. Usimkamue kwa kucha, usimpake mafuta ya taa, usimchome.

Kupe wa mbwa hapa kwetu hueneza magonjwa mawili ya kuogopwa, babesiosisi na erlikiosisi. Mbwa mwenye homa, ufizi uliopauka, mkojo wa rangi ya chai ya rangi au anayetokwa damu puani hahitaji kuogeshwa. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Sasa nusa masikio. Ndiyo, weka pua. Sikio zima halina harufu ya kusema. Likinuka hamira au maziwa yaliyochacha, au likiwa na uchafu wa kahawia, kuna maambukizi tayari na maji yatayachochea. Ahirisha kuoga, tibu sikio kwanza.

Onyo kuhusu dawa za kupe. Watu wengi huchanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe, yenye amitrazi, kwa kukadiria na kifuniko. Ikizidi, mbwa husinzia, huyumba na mapigo ya moyo hupungua. Watoto wa mbwa na mbwa wagonjwa huumia zaidi. Kama daktari amekuruhusu kuitumia, pima kwa bomba la sindano kulingana na kipimo alichokupa yeye, na usimwache mbwa ajilambe kabla hajakauka. Wanaotumia dawa ya matone ya mgongoni wasome lebo: nyingi hutaka mbwa asioge siku 2 kabla na siku 2 baada ya kupakwa. Na kama kuna paka nyumbani, epuka dawa yenye permethrini, kwani inaweza kumuua.

## Hatua ya 4: Msimamishe pasipoteleza

Hapa ndipo watu hunishangaa. Labrador gani huyu anayeruka ndani ya kila dimbwi la Ngong Road, lakini akiona karai anajificha chini ya gari?

Anapenda maji anayoyaendea mwenyewe. Anachokikataa ni sakafu inayoteleza, mlio wa mpira wa maji, na kushikwa kichwa. Tandika gunia. Tumia jagi badala ya mpira. Mwite kwa sauti ya kawaida, mpe kipande cha ini akifika, kingine akisimama.

Kisha mpe kitu cha kushika mdomoni: mpira, kamba, hata soksi kuukuu iliyofungwa fundo. Uzao huu ulichaguliwa kwa vizazi vingi ili ubebe ndege aliyepigwa risasi bila kumtafuna, na mdomo ukiwa na kazi mwili hutulia. Kwa Chapo mimi hutumia kandambili moja iliyokatika. Huishikilia mwanzo hadi mwisho kama amepewa dhamana.

Mpole ni mpole, lakini usimfunge na kuondoka. Mbwa wa kilo 30 akishtuka hung'oa mfereji.

## Hatua ya 5: Lowesha hadi ngozini

Jaribu maji kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako: yawe ya vuguvugu, yasichome wala yasikushtue. Labrador akipigwa na maji baridi mno, au akiogelea kwenye baridi, anaweza kupata shida ya mkia: unalegea na kuning'inia kama kamba iliyolowa, na ukiugusa shinani analia. Wengi hupona wenyewe kwa siku chache, lakini mwonyeshe daktari ukiona ana maumivu, maana kuvunjika huonekana vilevile.

Anza miguuni, panda mgongoni, malizia shingoni. Kichwa kiache kabisa.

Maji utayaona yakiteleza juu ya manyoya kama juu ya jani la mgomba. Usidanganyike na weusi au ung'avu wa manyoya ya juu. Mwaga kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili vikwangue kinyume na manyoya yanapolalia, kutoka mkiani kuelekea kichwani. Mtungi wa kwanza utaisha hapa karibu wote, na ni sawa.

Ukigawanya manyoya mgongoni na kuona ngozi inang'aa kwa maji, endelea. Ukiona sufi kavu ya rangi hafifu, rudia.

## Hatua ya 6: Sabuni nyepesi

Usiimimine shampuu moja kwa moja mgongoni. Itagandamana mahali pamoja na utahangaika kuitoa. Changanya sehemu 1 ya shampuu na sehemu 10 za maji kwenye chupa, isipokuwa kama lebo inasema vingine, uitikise, kisha umwagie kidogo kidogo.

Sugua kwa ncha za vidole, kucha zisihusike. Kwapani, kifuani, chini ya mkia, katikati ya vidole. Uso ufute kwa kitambaa chenye maji matupu. Kama ni shampuu ya dawa uliyoandikiwa na daktari, iache kwa muda aliosema, ambao mara nyingi ni dakika 10. Weka saa. Dakika 10 na mbwa mwenye povu ni ndefu, na hapa ndipo maini yanapookoa.

## Hatua ya 7: Suuza, halafu suuza tena

Suuza kuanzia shingoni kushuka chini. Maji yatakayotoka mwanzo yatakuwa na rangi ya udongo wa mtaa wako: mekundu kwa walioko Karen na Kiambu Road, ya kijivu nzito kwa wenzetu wa udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau. Yakishakuwa meupe, wengi huacha. Wewe usiache. Mtungi wa tatu ni wa baada ya hapo.

Sabuni hubaki tumboni, kwapani na kwenye vinena, kwa kuwa ndiko maji yote hutiririkia. Minya manyoya ya hapo kwa vidole. Yakiteleza, bado. Yakitoa mlio mdogo wa kukwaruza kama sahani iliyooshwa vizuri, umemaliza.

## Hatua ya 8: Kausha

Tenga muda mwingi hapa kuliko ule wa kuogesha.

Kwanza kaa mbali umwache ajikung'ute. Labrador hujitikisa mara 4 hivi kwa sekunde na hutoa maji mengi kuliko taulo yoyote. Mpulizie kidogo nyuma ya sikio, atarudia.

Taulo ya kwanza: minya, usisugue. Kusugua husokota sufi na kuyafungia maji ndani. Weka taulo, bonyeza kwa viganja, inua, sogea. Ikiloa, ichukue ya pili. Ya tatu ni ya masikio, kwapa, vidole na shina la mkia.

Sasa mpeleke juani, kwenye kabro au nyasi kavu, akiwa amefungwa kamba. Ukimwachia huru ataenda moja kwa moja kwenye udongo, na huwezi kumlaumu, mwili unamwasha. Dakika 20 za kutembea hukausha vizuri kuliko kulala. Kama hakuna jua, tumia feni, au mashine ya nywele ikiwa kwenye upepo wa baridi au vuguvugu, umbali wa sentimita 30, ukipitisha vidole kinyume na manyoya. Usiikazie mahali pamoja.

Baada ya nusu saa mgongo utakuwa mkavu ukiupapasa. Mtego uko hapo. Manyoya ya juu hukauka mapema, sufi ya chini ikaendelea kubeba maji kwa saa nyingi, na joto la mwili likaifanya kitalu cha bakteria.

Ndipo inapokuja tishu. Gawanya manyoya sehemu nne: nyuma ya masikio, chini ya shingo, kwapani, na shina la mkia. Bonyeza tishu kwenye ngozi, hesabu hadi tano, itoe. Ikiwa na doa lolote la unyevu au imeng'ang'ania, bado hajakauka. Rudia kila baada ya nusu saa. Sehemu zote nne zikitoa tishu kavu, mvishe mkanda wake na unaweza kumrudisha bandani. Kabla ya hapo asilale kwenye simiti wala kwenye blanketi lililofunikwa.

Chapo, Februari, jua likiwaka, hunichukua saa 2. Julai na feni, saa 4.

## Hatua ya 9: Masikio

Mfereji wa sikio la mbwa unashuka kisha unakata kona kuingia ndani. Maji yakivuka kona hiyo hayatoki yenyewe, na sikio la Labrador linaloning'inia limeufunika mfereji huo kwa juu.

Inua sikio, jaza dawa ya kusafishia, kanda shina la sikio kwa nje sekunde 20 hadi 30 mpaka usikie mlio wa chubwi chubwi. Geuza uso wako, mwache atikise kichwa. Kisha futa kwa pamba pale tu kidole chako kinapofika. Spiriti na hidrojeni peroksaidi usitie, huchoma.

Fanya hivi kila anapooga na kila anapoogelea. Mbwa anayetikisa kichwa siku nzima usimwache hivyo hadi wiki ijayo. Anaweza kupasua mshipa wa damu ndani ya sikio la nje, lile linaloning'inia, likavimba kama maandazi, na hapo mnazungumzia upasuaji.

## Harufu ikirudi

Baada ya siku mbili mnuse tena. Harufu ya gunia lenye maji: hukumkausha, rudia hatua ya 8 bila kuogesha. Harufu ya hamira: masikio, mikunjo ya ngozi au nyayo, mwone daktari. Harufu ya samaki waliooza kutoka nyuma ni tezi zilizo kando ya mkundu, na hakuna shampuu itakayoisaidia. Ngozi yenye magamba na mwasho wa mwili mzima mara nyingi huwa ni sabuni iliyobaki, au unaogesha mno.

Na wengi mnaogesha mno. Mara moja kila wiki 4 hadi 8 inamtosha Labrador mwenye afya. Kila wiki ni kumvua mafuta, ngozi inakauka, anajikuna, mnadhani ni uchafu, mnaogesha tena.

Matope ya kila siku hayahitaji sabuni. Wala mbwa asikate hamu ya kuogelea katika Mto Nairobi au mitaro ya mtaani. Maji yenye mkojo wa panya hubeba ugonjwa wa leptospirosisi, unaompata yeye na wewe pia, kwa hiyo hakikisha chanjo yake inaugusa.

Chapo akitoka matembezini Karura msimu wa mvua huwa mwekundu hadi tumboni. Namfunga kwenye kibaraza kwa saa nzima na kandambili yake. Udongo ukishakauka, brashi ya mpira dakika 10 inaupukutisha wote. Vumbi linabaki sakafuni, na hilo lina ufagio wake.